Geuza Jani Kabla ya Kupiga Dawa

Vidukari wakiingia kwenye sukuma wiki, mkulima hutazama kwanza wingi wao. Ni sawa, lakini haitoshi. Lipo swali la pili lenye uzito uleule, na jibu lake liko upande wa chini wa jani: wadudu wanaowala vidukari wameshataga au bado? Kama mayai yao yapo, lava watakaotoka siku chache zijazo watafanya kazi ambayo ungeilipia dukani, na dawa ya leo itawaua kabla hawajaanza kula. Kama hayapo, ipo sababu, na mara nyingi sababu hiyo iko ndani ya uwezo wa mwenye shamba.

Mdudu mwindaji aliyekomaa huwa na mabawa. Akikosa chakula hapa, huruka mpaka shamba la jirani. Lava wake hawezi. Anakula anachokikuta pale mama yake alipomwacha, na asipokikuta atakufa au atawala nduguze. Kwa hiyo jike hatagi ovyo. Hutembea juu ya majani, hunusa, hupapasa, huonja ule utomvu mtamu unaotolewa na vidukari, kisha ndipo huamua. Kila mdudu ana vigezo vyake, na mkulima anayevijua anaweza kumshawishi atage kwake.

Mayai ya manjano, ya rafiki na ya adui

Tuanze na mdudu kibibi, yule wa mviringo mwekundu au wa rangi ya chungwa mwenye madoa au mistari myeusi. Mayai yake ni ya manjano iliyoiva, marefu kidogo kama milimita moja hivi, yamesimamishwa wima na kubanana kwenye kikundi kimoja. Kikundi kinaweza kuwa na mayai kumi, kinaweza kufika arobaini. Mara nyingi kiko chini ya jani, karibu na vidukari lakini si katikati yao. Kwenye joto mayai huanguliwa ndani ya siku tatu hadi tano. Yanapokaribia kuanguliwa, manjano hugeuka kijivu, kwa sababu lava mweusi anaonekana kupitia ganda. Wa kwanza kutoka hula ganda lake, na mara nyingi hula pia mayai ya jirani ambayo bado hayajapasuka.

Ulaji huo wa ndugu kwa ndugu ndio unaoeleza tabia ya jike. Hapendi kutaga mahali ambapo lava wa mwingine wameshafika, kwa kuwa mayai yake yangekuwa chakula chao. Lava wakitembea juu ya jani huacha alama ya harufu, na katika aina kadhaa zilizochunguzwa maabara, jike aliyekutana na alama hiyo alijizuia kutaga hapo, ingawa vidukari walikuwapo tele. Vilevile hupendelea kundi la vidukari ambalo bado ni changa. Lava anahitaji kama wiki mbili kukua, na kundi lililokwisha kuzeeka linaweza kutawanyika kabla hajamaliza. Vidukari wenye mabawa wakishakuwa wengi, ni dalili kwamba wanajiandaa kuhama.

Hapa ndipo wengi wetu tunapojikosesha msaada. Anayepiga dawa siku anapoona kidukari wa kwanza anaondoa kitu ambacho kingemwita mdudu kibibi. Anayesubiri mpaka majani yajikunje na kunata naye amechelewa, kwa kuwa jike hutaga mapema katika maisha ya kundi. Wakati mzuri ni katikati: vikundi vidogo vya vidukari kwenye mimea michache, majani bado yako sawa. Siku hizo ndizo za kugeuza majani na kutafuta mayai ya manjano.

Sasa, tahadhari ambayo haipaswi kurukwa. Wapo wadudu kibibi wanaokula majani, na mayai yao ni ya manjano vilevile, yamesimama wima vilevile. Hawa huonekana sana kwenye maboga, matango, matikiti, bilinganya, nyanya chungu na mnavu, na aina nyingine hula mahindi. Ukimtofautisha kwa yai peke yake utakosea. Tazama mambo mengine yaliyo pale pale. Je, kuna vidukari, utitiri au nzi weupe karibu? Kama jani ni safi halina mawindo yoyote, na lipo kwenye boga au bilinganya, shuku. Je, jani limekwanguliwa likabaki utando mwembamba unaopitisha mwanga? Hiyo ni kazi ya mla majani. Mdudu mkomavu wa aina hiyo ana vinyweleo vifupi mgongoni vinavyomfanya afifie, wakati mwindaji anang'aa kama amepakwa mafuta. Lava wa mla majani ni wa manjano mwenye miiba yenye matawi mwili mzima, naye ni mzito wa kutembea. Lava wa mwindaji ni mweusi au kijivu, mara nyingi ana mabaka ya chungwa, ana miguu mirefu na anakimbia. Hata simu ya kawaida ukiisogeza karibu na jani na kupiga picha, kisha ukaikuza, itakuonyesha tofauti hizo.

Kosa la aina hiyo hutokea pia kwa vidung'ata, wale weupe wenye unga kama pamba wanaoshambulia papai, mihogo na michungwa. Baadhi ya wadudu kibibi wanaowala hutaga ndani ya hiyo pamba yenyewe, na lava wao huota nyuzi nyeupe za nta hata wakafanana na vidung'ata. Mkulima akiona mdudu mweupe mkubwa kuliko wenzake, anadhani huyo ndiye mzazi wa balaa na kumponda. Mguse kwa kijiti kwanza. Kidung'ata hujivuta taratibu au hashtuki kabisa. Lava wa mdudu kibibi huondoka haraka.

Yai juu ya uzi

Mabawa-vimia ni mdudu wa kijani mwenye mabawa ya wavu na macho yanayometa, anayekuja kwenye taa usiku. Jike akitaka kutaga, hugusa jani kwa ncha ya tumbo, huacha tone la hariri, huinua tumbo na kulivuta tone hilo liwe uzi, kisha huweka yai moja juu kabisa. Uzi hukauka mara moja. Ukiona jani la mharage au la mchungwa limesimamisha vinywele vyenye kichwa cheupe au kijani kibichi, vingine kimoja kimoja, vingine vingi pamoja, hayo ndiyo mayai yake. Watu wengi huyadhania ukungu, wakayafuta kwa kidole.

Uzi huo hulikinga yai na sisimizi wadogo wa bustanini na hata na lava wa mama mmoja, ambao wana taya kama mundu na hawachagui wa kula. Wakishashuka hula vidukari, mayai ya nondo, vithiripi na utitiri.

Wakomavu wa aina nyingi za mabawa-vimia hawawindi. Wanaishi kwa mbochi, chavua na ule utomvu mtamu wa vidukari, na harufu ya utomvu huo ndiyo huwavuta usiku. Kwa hiyo bustani isiyo na ua hata moja na isiyo na kidukari hata mmoja haina cha kumfanya jike atue.

Nzi-maua naye anategemea maua kwa namna iliyo kali zaidi. Ni yule nzi mwenye mistari ya manjano na nyeusi kama nyuki, anayeweza kusimama hewani bila kusogea. Jike asipokula chavua, mayai hayakomai tumboni mwake. Hutaga yai moja moja, jeupe, refu, limelazwa juu ya jani ndani ya kundi la vidukari au kando yake kabisa. Ni lazima liwe karibu, kwa sababu lava wake hana miguu wala macho; anajikokota akipapasa mbele kwa kichwa chembamba, kama ruba mdogo, na anashika kidukari kwa bahati ya kugongana naye. Hata hivyo, kabla ya kukomaa huwa amekula mamia. Mkulima akimwona juu ya jani la kabichi mara nyingi humdhania kiwavi. Kiwavi ana miguu na anaacha matundu. Huyu hana miguu na anaacha maganda makavu ya vidukari na mabaka meusi ya kinyesi.

Maua yanayomfaa ni yale yaliyo wazi, yenye mbochi usiozama ndani, kwa kuwa mdomo wake ni mfupi. Giligilani, au dania kama wanavyoiita Kenya, ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Acha mistari michache ipande juu na kuchanua badala ya kuivuna yote. Shamari ni nzuri pia, na karoti chache zilizoachwa zikatoa maua. Haradali inachanua haraka lakini ni ya jamii moja na kabichi na sukuma wiki, na vidukari wa kabichi wanaipenda. Ukiipanda, iwe mbali kidogo na uiangalie. Hata gugu la kishona nguo pembezoni mwa shamba lina faida kwa wadudu hawa wakati hakuna kingine kinachochanua, mradi ling'olewe kabla mbegu hazijakauka.

Mayai usiyoweza kuyaona

Wapo wawindaji ambao hata ukigeuza majani yote hutaona mayai yao, kwa sababu wanayachoma ndani ya mmea. Ni wadogo wa jamii ya kunguni, na wasihusishwe na kunguni wa kitandani isipokuwa kwa ukoo. Mmoja, wa jenasi ya Orius, ana urefu wa milimita mbili hivi, mweusi mwenye mabaka meupe mgongoni, na hukaa ndani ya maua ya maharage na kwenye ndevu za mahindi. Anakula vithiripi na mayai ya nondo. Jike hutafuta sehemu ya mmea yenye ngozi laini: kikonyo cha jani, mshipa, ganda changa la mharage. Sababu ni mbili. Sindano yake ya kutagia ni nyembamba, na mtoto akitoka hunywa kwanza maji ya mmea kabla hajapata mawindo. Maharage yanampendeza sana, na ndiyo maana wanaomfuga maabara mara nyingi humpa maganda ya maharage atagie. Anayelima mishiri, yale maharage ya kuvunwa maganda mabichi, na kung'oa shamba zima siku moja, kisha kuchoma masalia papo hapo, anachoma na kizazi kinachofuata cha mla vithiripi. Kama nafasi ipo, vuna na ung'oe kwa awamu, ili mistari mipya iwe imeota kabla ya ile ya zamani kuondoka.

Kwenye nyanya yupo ndugu yake, Nesidiocoris tenuis, mwembamba wa kijani mwenye miguu mirefu. Huyu amepata umuhimu mkubwa tangu kantangaze, yule nondo mdogo ambaye lava wake huchimba majani na matunda ya nyanya, alipofika Kenya na Tanzania mwaka 2014. Anakula mayai ya kantangaze na watoto wa nzi weupe. Nyanya ina vinywele vyenye gundi vinavyowakwamisha wawindaji wengine, wakiwamo lava wa mdudu kibibi, lakini yeye anatembea humo bila shida. Ana kasoro moja: mawindo yakipungua, hutoboa mashina ya nyanya na kuacha pete za kahawia. Majaribio yameonyesha kwamba penye ufuta hupendelea kutaga huko kuliko kwenye nyanya, na ufuta ukiwa karibu madhara kwenye nyanya hupungua. Kwa mikoa inayolima ufuta, kuweka mistari yake kando ya nyanya ni jambo la gharama ndogo linalostahili kujaribiwa, kwa kuanza na sehemu ndogo.

Katika jamii hiyohiyo ya kunguni wapo wauaji wakubwa zaidi, wenye mdomo uliopinda kama ndoana, wanaotaga mayai kwa kikundi juu ya jani au shina. Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeanzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi mwaka 1970, aliandika juu yao mwaka 1959. Alionyesha kwamba katika aina moja ya jenasi ya Rhinocoris, anayekaa juu ya mayai na kuyalinda ni dume. Ukiona mdudu mwenye mdomo wa ndoana amesimama juu ya kikundi cha mayai na hataki kuondoka, mwache. Na usimshike kwa mkono, maana anachoma na maumivu yake ni makali.

Vunjajungu anajulikana na wengi, na ule mfuko wake wa povu lililokauka kwenye vijiti si wa kuharibiwa. Lakini asitegemewe sana. Anakula nyuki na wadudu kibibi sawasawa na anavyokula nzige.

Mmea nao una kauli

Ngozi ya jani huamua mengi. Kabichi ina nta inayoteleza, na lava wengi huanguka au hushindwa kushika. Mayai na lava utawakuta zaidi kwenye mikunjo na kando ya mishipa kuliko kwenye uwanda wa jani. Tazama huko. Kwenye nyanya tafuta kidogo kwenye majani yenye gundi na zaidi kwenye mimea ya jirani, maana jike akikwepa vinywele hivyo hutaga pembeni.

Mihogo inatoa mfano ulio wazi kuliko yote, ingawa mhusika wake si mdudu bali ni utitiri, kiumbe wa miguu minane. Utitiri wa kijani wa mihogo ulionekana Afrika kwa mara ya kwanza nchini Uganda mwaka 1971, ukitokea Amerika ya Kusini, ukaenea kote kunakolimwa mihogo. Watafiti walileta kutoka Brazil utitiri mwindaji, Typhlodromalus aripo, ukaachiliwa kwanza Benin mwaka 1993 na baadaye nchi nyingine, Tanzania na Kenya zikiwamo. Mchana hujificha kwenye kilele cha mhogo, kati ya majani yale machanga yaliyofumbata. Usiku hushuka kuwinda. Mihogo yenye kilele chenye manyoya huwahifadhi vizuri zaidi kuliko ile yenye kilele kisicho na manyoya. Sasa fikiria mchuma kisamvu: kinachochumwa ni kilele hicho hicho. Usiwanyime watu mboga yao, ila tenga mashina ya kuchuma na mashina ya kuacha, hasa kiangazi, wakati utitiri wa kijani unapokuwa mkali.

Namna ya kuamua

Pita shambani asubuhi, mara mbili kwa wiki kama inawezekana. Chagua mimea ishirini hivi iliyotawanyika, si ile ya pembezoni tu. Geuza jani la chini, la kati na la juu kwa kila mmoja. Andika umeona nini: vidukari, mayai ya manjano yaliyosimama, mayai yenye uzi, yai jeupe lililolala, lava wanaotembea. Hesabu kamili haihitajiki. Unachotaka ni kujua kama wawindaji wapo kwenye mimea mingi yenye vidukari au kwenye mmoja mmoja.

Angalia na sisimizi. Wakipanda na kushuka kwenye shina, wanalinda vidukari kwa ajili ya utomvu, nao hufukuza wadudu kibibi na kula mayai yao. Hakuna mwindaji atakayetaga kwa amani hapo. Kwenye miti ya matunda, kata matawi yanayogusa ardhi na uzungushie shina kizuizi cha gundi au grisi juu ya kitambaa, si juu ya gome lenyewe.

Ukivuna sukuma wiki na kukuta mayai kwenye jani, usilitupe kwenye lundo. Likate sehemu yenye mayai na ulipachike kati ya majani ya mmea wenye vidukari, kivulini, lisikauke juani. Wakianguliwa watakuwa wamefika kazini.

Lazima nieleze pia mahali ambapo njia hii haitoshi. Vidukari wanaoeneza virusi kwenye kunde, papai au pilipili huweza kuambukiza kwa kuchoma jani kwa muda mfupi sana, na mdudu kibibi hawezi kuwahi. Huko kinga ni mbegu safi, aina zinazovumilia, na kung'oa mapema mimea yenye dalili. Vilevile miche michanga iliyo kitaluni haina nguvu ya kusubiri siku tano. Ioshe vidukari kwa maji au uwaponde kwa vidole. Na kwa kiwavijeshi vamizi kwenye mahindi, wawindaji hupunguza mayai na viwavi wadogo, lakini kiwavi mkubwa aliyekwisha kuzama katikati ya majani machanga hawamfikii kirahisi.

Ikibidi kupiga dawa, piga mimea iliyozidiwa tu na uache mingine. Sabuni ya maji iliyochanganywa kwa kipimo na mwarobaini havidumu muda mrefu kama dawa nyingi za dukani, lakini sabuni huua chochote laini inachokigusa, lava wa nzi-maua akiwamo, kwa hiyo usinyunyize juu ya mayai uliyoyaona. Piga jioni, nyuki na nzi-maua wakiwa wamekwisha kuondoka kwenye maua. Dawa za jamii ya pairethroidi zinazoua kila mdudu hubaki kwenye jani kwa siku nyingi, na jike anayefika wiki ijayo atakuta mahali hapafai. Muulize afisa ugani au muuza pembejeo kama kuna dawa yenye madhara madogo zaidi kwa wadudu rafiki, na usome kibandiko kabla ya kufungua chupa.

Ukikuta mayai kwenye mimea mingi yenye vidukari, subiri siku nne au tano, kisha rudi kwenye mimea ileile. Lava wakiwapo na maganda matupu ya vidukari yakiongezeka, endelea kuacha. Mayai yakiwa yamekauka, sisimizi wakiwa juu ya shina, na majani mapya yakianza kujikunja, shughulikia sisimizi kwanza, na siku hiyohiyo upige mimea hiyo peke yake.